Kwa nini mtu humweleza mgeni wa kwenye simu jambo asilomweleza ndugu yake?

#1 · ZamuYaIjumaa (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Kwa mwaka mmoja na miezi 4 sasa najitolea kupokea simu katika kituo kimoja hapa Nairobi kinachowasikiliza watu waliozidiwa na maisha, wakiwamo wanaofikiria kujiua. Kituo sitakitaja. Mimi si mnasihi wa kusomea. Mchana nauza vipuri vya magari, na kila Ijumaa kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri nakaa kwenye meza yenye simu mbili, daftari na chupa ya chai.

Usiku mmoja alipiga mwanamume, kisha akanyamaza. Nilimkaribisha kama tulivyofundishwa, nikamwambia kwamba nipo na kwamba hana sababu ya kuharakisha. Kwa dakika 11, na nina hakika nazo kwa sababu saa ya ukutani inanitazama, sikusikia kitu ila feni iliyokuwa ikigonga mahali fulani kila inapozunguka, na mara moja mtoto akikohoa kwa mbali. Kila baada ya kitambo nilisema neno moja tu: "Nipo." Hatimaye akaniuliza, "Umekula?" Nikamjibu kwamba nimekula. Akasema, "Mimi tangu juzi sijala, na mke wangu hajui, kwa kuwa kila jioni namwambia nimekula kazini." Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha miezi 3 nyuma, lakini kila asubuhi huvaa shati lililopigwa pasi, akatoka, akazunguka mjini hadi jioni. Mke alikuwa amelala nyuma ya pazia, na kaka yake wa tumbo moja anaishi nyumba ya tatu kutoka pale.

Swali langu ni hili: kwa nini aniambie mimi, nisiyemjua hata jina, na asimwambie huyo kaka? Jibu langu ni kwamba sisi hatutoi ushauri. Ndugu akisikia shida huirukia kama mtu aliyeona moto jikoni: nenda kwa fulani, fanya hivi, kwa nini hukusema mapema. Mwenye shida hubaki na kazi mbili, kuibeba shida yake na kujitetea. Sisi tumekatazwa kabisa kusema "ningekuwa wewe", na nadhani siri yote imo humo. Nipingeni.

#2 · MkokotoniJuu

Mleta uzi, umegusa sehemu tu ya jambo. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nimekuwa nikiosha maiti katika mtaa wetu kwa zaidi ya miaka 20, na katika muda huo wote hakuna aliyewahi kuniuliza nimeona nini, hata mke wangu, ambaye kwa mengine huniuliza bei ya kila kitunguu. Watu wanajua kwamba kazi yenyewe inanifunga mdomo. Kwa hiyo mimi nasema kinachomvuta mtu si kukosa ushauri, bali ni kujua kwamba neno litaishia pale pale. Ndugu, awe mwema namna gani, ana mke, na mke ana dada.

#3 · KalamuKavu

Shikamoo mzee wangu wa #2, lakini maiti hakumchagua mwosha wake, wala hawezi kuinuka akaondoka mambo yakimkera. Anayepiga simu anaweza kukata wakati wowote, na nadhani hilo ndilo linalompa ujasiri wa kuanza. Ukishaanza kumweleza kaka yako huwezi kumkata katikati ya sentensi, na kesho asubuhi mtakutana kwa muuza maziwa.

Nina neno pia kwa mleta uzi. Mzee hapo juu ameosha watu miaka 20 bila kutamka kitu, nawe kwa mwaka mmoja tu umetuletea feni, pazia na shati la pasi. Mwenyewe akipita hapa si atajitambua?

#4 · ZamuYaIjumaa (mleta uzi)

Kalamu, lawama yako ni ya haki, nami nilijiuliza hivyo hivyo kabla ya kuandika. Niliyemweleza hapo juu si mtu mmoja. Feni ni ya simu moja, shati ni la simu nyingine, na "Umekula?" nimeulizwa zaidi ya mara moja. Dakika 11 tu ndizo nilizoziacha zilivyo. Hata hivyo umenizindua, na sitaongeza kisa kingine katika uzi huu.

#5 · MchokonoziWaHoja

Mnahangaika bure. Simu hizi zilibuniwa na daktari mmoja wa Marekani kwa ajili ya watu wanaoishi peke yao maghorofani, kisha wafadhili wakatuletea. Mwafrika ana ukoo, ana mtaa, ana msikiti na kanisa. Anayempigia mgeni ni yule aliyekwisha kujitenga na watu wake, kwa hiyo swali la kwa nini hakumwambia kaka yake limejijibu lenyewe.

#6 · PanganiHadiLeicester

Naomba kumsahihisha wa #5. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Leicester, na ni msikilizaji hapa Uingereza kwa mwaka wa 6 sasa. Aliyeanzisha hakuwa daktari wala Mmarekani. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, Chad Varah, na simu ya kwanza ilipokewa tarehe 2 Novemba 1953 katika kanisa la St Stephen Walbrook, katikati ya London, kwa namba MAN 9000. Kituo cha Los Angeles cha kuzuia kujiua kilifunguliwa baadaye, mwaka 1958.

Lililomsukuma kasisi huyo lilitokea mapema zaidi. Mwaka 1935, akiwa kijana huko Lincoln, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua baada ya kuona damu ya hedhi kwa mara ya kwanza na kudhani kwamba ameshikwa na maradhi ya zinaa. Hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Sehemu ninayoipenda mimi inaligusa moja kwa moja jibu la mleta uzi. Mwanzoni Varah alikusudia kuwashauri watu yeye mwenyewe. Walipozidi kuwa wengi walingojea katika chumba cha nje, na watu wa kujitolea wakawa wanawapa chai na kuketi nao. Kasisi akaona kwamba wengine hunywa chai yao, wakazungumza na aliyewapa kikombe, kisha wakaaga na kwenda zao bila kumhitaji yeye. Februari 1954 akawakabidhi simu wale watoa chai. Hata jina la huduma hiyo, Samaritans, halikutoka kwake, bali lilitokana na kichwa cha habari cha gazeti la Daily Mirror, Desemba 1953. Leo kuna matawi zaidi ya 200 Uingereza na Ireland, na namba ya bure ni 116 123.

Kuhusu maghorofa na upweke: mara nyingi nyuma ya anayezungumza nami nasikia sahani, televisheni na watoto wakigombana. Hao watu wa kwao wapo chumba cha pili.

#7 · BiMwanaidi_Ngambo

Kisa cha msichana huyo kimenikwama kooni. Kwetu Unguja mwari akivunja ungo hukabidhiwa somo, mwanamke asiye mama yake wala dada yake, na huyo ndiye anayemfunza kujisitiri, unyumba, na yote yasiyosemeka mbele ya mzazi. Mimi somo wangu nilimwambia mambo ambayo mama yangu amefariki bila kuyajua. Tazameni basi: hakuwa mgeni, maana alinijua tangu nanyonya, lakini pia hakuwa ndugu. Na mleta uzi asikie vizuri: alinipa ushauri, tena mwingi, mwingine wa kukaripia, wala sikuacha kumwendea. Nadharia yako ya kutoshauri siikubali. Mtu anamtaka yule aliyewekwa rasmi kwa ajili ya siri zake.

#8 · Temeke_Mwisho

Bi Mwanaidi, shikamoo. Somo wa zamani namkubali. Wa siku hizi hapa Dar es Salaam hukodiwa wiki moja kabla ya harusi, huja na udi wake na bei yake, akamaliza kazi, akaenda kwa bibi harusi mwingine. Dada yangu alipofikwa na mtihani wa ndoa miezi 5 baadaye alimpigia, akajibiwa kwamba malipo yale yalikuwa ya wiki ile tu. Kwa hiyo tunalinganisha simu na kitu ambacho wengi wetu hatunacho tena.

#9 · MtaniWaTabora

Nashangaa hakuna aliyemtaja mtani. Wanyamwezi na Wazaramo tuna utani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na msibani mtani ndiye anayeruhusiwa kutamka lile ambalo mfiwa halitamki. Baba yangu alipofariki, mtani wetu wa Kizaramo alijilaza katikati ya mkeka wa wafiwa, akagoma kuondoka hadi alipwe, kwa madai kwamba marehemu amemkimbia na deni. Watu wakacheka, nami katika kicheko kile kile nikamnong'oneza kwamba deni lipo kweli, tena kubwa, na sijui nitalilipa kwa nini. Nilikuwa sijamwambia hata mke wangu. Hakujibu kitu. Aliendelea na vituko vyake kwa sauti kubwa zaidi ili watu wamtazame yeye na wasinitazame mimi usoni.

Kwa hiyo mchango wangu ni huu: mtu husema mahali ambapo neno lake, lisipopokewa vizuri, linaweza kuhesabiwa kwamba halikusemwa. Simu ina sifa hiyo, kwa sababu ukikata ni kama hukupiga.

#10 · KalamuKavu

Mtani wa Tabora, pole kwa msiba. Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila Mnyamwezi kukiri hadharani kwamba anadaiwa ni jambo ambalo sisi Wazaramo tutalikumbusha hadi uzi huu utakapofungwa.

#11 · KaraniWaMahakama

Mnataja aibu, siri na utani, lakini hakuna aliyetaja polisi. Hapa Kenya kujaribu kujiua ni kosa la jinai kwa mujibu wa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na anayepatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka 2. Ukimweleza ndugu yako kwamba umefikiria au umejaribu, umemfanya shahidi, apende asipende. Ukimweleza mtu asiyelijua jina lako, hakuna faili. Sioni kwa nini tutafute sababu za ndani ya moyo wakati sababu ya nje ipo kwenye kitabu cha sheria.

#12 · ZamuYaIjumaa (mleta uzi)

Karani, faili lako limechelewa kidogo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba. Tena kosa lilikuwa la kujaribu. Kufikiria hakukuwahi kuwa jinai, na ni muhimu tuseme hivyo wazi, kwa sababu nimewasikia watu wakiomba msamaha kwa kuwa na mawazo tu.

#13 · KaraniWaMahakama

Nimepokea masahihisho yote mawili, na nashukuru. Hata hivyo hoja inabaki. Hofu haifutwi siku ile ile inayofutwa sheria, na kwa ndugu zetu wa Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yao bado kipo.

#14 · PanganiHadiLeicester

Naongeza jambo kwa Karani. Uingereza nayo iliondoa kosa hilo mwaka 1961 tu. Maana yake ni kwamba kwa miaka 8 ya mwanzo simu ya MAN 9000 ililia katika nchi ambayo mtu angeweza kushtakiwa kwa kujaribu, kwa hiyo usiri wake haukuwa adabu tu, ulikuwa kinga. Mpaka leo tawi halimtumii mpigaji gari la wagonjwa bila ridhaa yake maadamu ana uwezo wa kujiamulia, isipokuwa katika mambo machache, kama usalama wa mtoto. Marekani, kwenye namba yao ya 988 iliyoanza Julai 2022, hatari ikiwa ya papo hapo wanaweza kutuma msaada hata kama mwenyewe hakuridhia. Tumebishana sana juu ya hilo kwenye chumba chetu cha chai, na sisemi kwamba upande wetu ndio ulio sahihi.

#15 · NesiMstaafu_Dodoma

Nimesoma kimya tangu #1, na naona wote mmelichukulia jambo moja kuwa limethibitishwa, yaani kwamba yule mtu hakumwambia kaka yake. Mlijuaje?

Nilifanya kazi wodini miaka 31. Mgonjwa alikuwa akisema "nimechoka", "nataka kupumzika tu", "watoto wangu muwatazame", na ndugu aliyekaa kando ya kitanda akijibu, "Pole, jitahidi ule, utapona." Mgonjwa amesema. Ndugu amesikia maneno, ila hakuuliza yana maana gani, kwa sababu akiuliza atajibiwa. Tena tulikuwa tukiaminishwa kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utampandikizia wazo, na tafiti zimeonyesha kwamba sivyo. Hata waliofunzwa hukwepa: mwaka 2007 watafiti waliosikiliza simu 1,431 katika vituo 14 vya Marekani waliripoti kwamba karibu nusu ya wapigaji hawakuulizwa swali hilo. Kama mwenye mafunzo anakwepa, sembuse kaka.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kaka huenda aliambiwa mara kumi kwa mafumbo. Mgeni ndiye aliyeuliza waziwazi.

#16 · Temeke_Mwisho

Mama Nesi, nakubali, ila mtusaidie na lugha. Hapa mjini mtu akikwambia "nimechoka mbaya" nusu ya siku anamaanisha hana hela, na ukimuuliza kwa uso wa huzuni kama anafikiria kujiua atakuomba kwanza elfu kumi ndipo akujibu. Swali lenyewe kwa Kiswahili linaulizwaje bila kumvunjia mtu heshima?

#17 · ZamuYaIjumaa (mleta uzi)

Temeke, kuhusu neno hilo tulibishana mafunzoni karibu jioni nzima. Wengine walitaka tuseme "kujitoa uhai", wakiona "kujiua" ni neno la ukali; mama mmoja alipendekeza "kukata tamaa ya maisha", ambalo kwa maoni yangu lina maana nyingine kabisa, kwa kuwa wako waliokata tamaa ya maisha na kesho wakaamka wakaenda shamba. Mkufunzi alitusikiliza, kisha akasema kwamba fumbo linamjulisha mpigaji kuwa hata wewe unaogopa. Tangu siku hiyo nauliza: "Je, unafikiria kujiua?"

Mara ya kwanza kuuliza sauti ilinikauka, na aliyekuwa upande wa pili hakusikia, ikabidi nirudie. Mara ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Ninachokisikia mara nyingi baada ya swali hilo si kilio wala hasira; ni mtu anayeshusha pumzi.

Mama Nesi, jibu lako limenisumbua kuliko yote yaliyotangulia. Sijui kama nimewahi kumuuliza mtu, "Uliwahi kumwambia nani kabla yangu?" na nikaelewa jibu lake namna hiyo.

#18 · KirumbaMwanza

Mnasahau jambo la chini kabisa, nalo ni salio. Mjomba wangu mmoja alikuwa na namba ya kituo fulani, si cha bure, na alichofanya ni kubipu, kama sote tulivyozoea: inalia mara moja, unakata, unangoja upigiwe. Alibipu mara tatu usiku ule, hakupigiwa. Asubuhi alimfuata shangazi jikoni akamweleza yote, na huyo shangazi ndiye mtu wa mwisho ambaye ningemdhania. Mjomba yuko salama hadi leo. Kwa hiyo wapo wanaomweleza ndugu kwa sababu tu mgeni hapatikani kwa bipu.

#19 · ZamuYaIjumaa (mleta uzi)

Kirumba, nashukuru kwamba shangazi alikuwapo. Kituo chetu nacho hakirudishi bipu, na watu hutukasirikia kwa hilo, lakini sababu ipo: simu nyingi huku ni za nyumba nzima. Nikipiga na akapokea mume, nitajitambulisha kuwa ni nani? Kwa hiyo tunangoja apige tena, na salio likikatika katikati ya maneno hatuna la kufanya. Unabaki na mlio, na unaandika saa kwenye daftari. Kwa watoto na wanaoripoti mambo ya watoto iko 116, ambayo ni ya bure Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa watu wazima hali haijanyooka namna hiyo, na wenye namba za bure za kuaminika katika miji yao waziweke hapa.

#20 · MchokonoziWaHoja

Nilikosea kuhusu daktari, nimekubali. Sasa niulize lisiloulizwa: je, simu hizi zinaokoa mtu? Mwaka 1968 mtafiti mmoja alilinganisha miji 15 ya Uingereza yenye tawi la Samaritans na miji isiyo nalo, akaona kwamba kwenye matawi watu waliojiua walipungua. Watu wakashangilia. Mwaka 1978 wengine wakarudia ulinganisho kwa makini zaidi, tofauti ikatoweka. Wengi wanaona kwamba kilichowapunguza ni kubadilishwa kwa gesi ya majumbani iliyokuwa na sumu. Sri Lanka nako idadi ilishuka baada ya viuatilifu vikali kupigwa marufuku katika miaka ya 1990. Yaani kazi ilifanywa na mafundi wa gesi na waandishi wa kanuni, wala si na masikio ya mtu.

#21 · PanganiHadiLeicester

Mchokonozi, safari hii umesoma, na sina la kukusahihisha. Kuiweka mbali njia ya hatari huokoa watu, na ndiyo maana sisi wenyewe humuuliza mpigaji kama anaweza kuiweka mbali kwa usiku huu. Ziko pia tafiti zilizopima hali ya mpigaji mwanzo na mwisho wa simu, zikaona dhiki imepungua. Hilo ni jambo dogo kuliko takwimu za nchi nzima, lakini ni kubwa kwa aliyekuwa kwenye simu. Hata hivyo uzi unauliza kwa nini wanapiga, na watu hawapigi kwa sababu wamesoma utafiti.

#22 · Ruwi_Muscat

Salaam kwenu. Mimi nafanya kazi za ndani hapa Muscat, na hii ni mara yangu ya kwanza kuandika. Sipo kwenye kituo chochote, ila kuna mwenzangu wa Tanga anayefanya kazi mtaa mwingine wa mji huu huu, hatujawahi kuonana, na kila usiku baada ya kuosha vyombo vya mwisho hunitumia ujumbe wa sauti. Wakati mwingine ni dakika 7 au 8, na husikia maji ya bomba yakiendelea kutiririka ili wenye nyumba wasimsikie. Namjibu asubuhi.

Sababu yake ya kutowaambia nyumbani naijua, kwa kuwa ni yangu pia. Nauli ya kuja huku ilichangwa. Ada ya mdogo wake inatoka huku. Akisema "siwezi tena", hasemi habari ya moyo wake tu, anagusa sahani ya watu 6. Mama yake hawezi kumsikiliza kama mtu asiyehusika, hata akitaka, kwa maana yeye ni mwenye hisa. Mimi sina hisa kwake, kwa hiyo naweza kusikia hadi mwisho. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa yule wa shati la pasi.

#23 · BiMwanaidi_Ngambo

Mwanangu wa Muscat, karibu uandike. Umesema kwa maneno machache jambo ambalo sisi tumelizunguka siku tatu. Mwambie mwenzako asiache kutuma, na wewe pia utafute wa kumtumia.

#24 · MkokotoniJuu

Bi Mwanaidi amegusa penyewe. Mwosha akimaliza kuosha naye huoga, ndipo arudi kwa watu. Mleta uzi, ukitoka hapo saa kumi na moja unakwenda kumwambia nani?

#25 · ZamuYaIjumaa (mleta uzi)

Mzee wangu, haturuhusiwi kuondoka kabla ya kutua mzigo. Msimamizi wa zamu hukaa nami robo saa, namweleza simu zote moja moja, hata zile za utani na za matusi, kisha ndipo navaa koti. Haisaidii kila mara. Mwezi wa pili kulikuwa na simu moja, ambayo kwa ahadi yangu ya #4 siielezi, na msimamizi nikampa nusu tu. Ananijua. Huja dukani kwangu kununua vichujio vya mafuta, na sikutaka aje siku moja akiwa na ile simu usoni. Nusu iliyobaki nilikuja kumweleza msimamizi wa zamu ya kituo kingine, mji mwingine, ambaye hadi leo sijui ana sura gani.

#26 · KalamuKavu

Na huyo hakukushauri?

#27 · ZamuYaIjumaa (mleta uzi)

Alinishauri. Tena kwa karibu nusu saa, na nikayafuata yote.

#28 · BiMwanaidi_Ngambo

Basi huyo ndiye somo wako, na jibu lako la #1 tulizike.

#29 · KalamuKavu

Bibi, taratibu na jeneza. Wewe mwenyewe umesema #7 kwamba somo alikujua tangu unanyonya. Huyu hajamwona hata sura.